Pipa la Marehemu Abdulnasir

Soko la Kakamega lilikuwa na majina mengi ya kumwita Asiya, na karibu yote aliyastahili. Wauza mitumba walimwita Mama Tikisa, maana alikuwa hakuuzii gorogoro la maharagwe mpaka alitikise, yashuke, aongeze, alitikise tena, hadi wewe mnunuzi unaona haya. Wavuta mikokoteni walimwita Mama Maji. Muhonja, muuza mboga aliyeketi ubavuni pake miaka nenda miaka rudi, alimwita Mama Raisa, kwa heshima ya binti yake aliyeolewa Mumias, lakini akiudhika alimwita "huyu mwanamke wa Matungu", utadhani Matungu ni ng'ambo ya bahari na si mwendo wa asubuhi moja kwa baisikeli.

Huko Matungu ndiko alikozaliwa, kati ya miwa na adhana. Alikuja mjini akiwa bibi harusi wa Abdulnasir, fundi wa baisikeli aliyekuwa na kibanda kwenye ukumbi wa stoo za mahindi. Abdulnasir alikuwa mtu wa maneno haba na huruma isiyo na mpaka. Watu walimjia kutoka Shinyalu na Butali wamepakia magunia, jasho linawachuruzika, tairi limelala chini, na kabla hajauliza tairi lina nini alikuwa ameshawachotea maji. Maji hayo aliyakinga kwenye pipa kubwa chini ya gata, mfereji wa paa la stoo, na kwa mvua ya Kakamega lile pipa halikujua ukavu. Kuku wakipita aliwamiminia. Mbwa wa soko, ambao kila mtu aliwatupia mawe, yeye aliwawekea maji kwenye bakuli bovu. Alikuwa amefundishwa chuoni Mumias, angali mtoto, kwamba ukimnywesha kiumbe yeyote mwenye kiu unapata thawabu, na jambo hilo lilimwingia kichwani likakaa, wala halikumwachia nafasi ya kujifunza kutafuta faida.

Asiya alimcheka sana kwa hayo. Alimwambia siku moja atamkuta akimnywesha nyoka. Kisha Abdulnasir akafa, ghafla, mtu aliyelala salama hakuamka, na yule mke aliyezoea kumcheka akabaki na kibanda, na pipa, na kicheko kisicho na pa kwenda.

Wajane wa matajiri huwachimbia waume zao visima, wakawajengea misikiti, thawabu zikawa zinawafuata kaburini. Asiya hakuwa na kisima. Alipotoka eda aliingia kwenye kile kibanda, akaondoa spana na tairi, akapanga maharagwe, njugu na omena, halafu akalisugua pipa mpaka likang'aa. Akatundika kikombe cha bati kwa kamba. Kila aliyekunywa aliombwa kitu kimoja tu, amwombee mwenye maji. Waislamu waliomba, Wakristo waliomba, na walevi waliotoka kwa busaa waliomba mara mbili kwa kusahau kwamba wameshaomba.

Sasa, mahali penye stoo za mahindi pana panya, hilo halihitaji kuapiwa. Lakini wale wa soko la Kakamega hawakuwa vijipanya vya shambani vinavyokimbia ukikohoa. Walikuwa majitu manene, ya kijivu, yanayokutazama kwanza ndipo yaamue kama yatakupisha. Asiya alipigana nao kwa ajili ya omena wake. Aliweka mitego, wakaizoea. Alileta paka kutoka Amalemba alikokuwa amepanga chumba, paka akala omena akanenepa, akafanya suluhu na adui. Mwishowe Asiya alinunua debe lenye kifuniko cha kukaza, vita vikapoa.

Ndipo jioni moja, soko likifungwa, akamwona panya akishuka na ile gata polepole, akasimama ukingoni mwa pipa, akainama, akanywa. Asiya alivua ndala. Mkono ulikuwa umeshapanda juu alipomkumbuka Abdulnasir na mbwa wake na bakuli bovu. Akamtazama yule panya, jinsi koo lilivyokuwa likipanda na kushuka, akaona kwamba kweli ana kiu. Mkono ukashuka wenyewe. Alivaa ndala yake, akamwambia panya anywe, kisha akatazama huku na huku kama kuna mtu amemsikia.

Tangu siku hiyo alikuwa hafuniki pipa akifunga. Usinifanyie haraka kumwita mchafu, maana katika soko zima hapakuwa na mwanamke aliyeogopa najisi kuliko yeye. Alikuwa na elimu yake. Alijua, kama wajuavyo wote waliokaa chuoni, kwamba maji yakiwa mengi hayanajisiki upesi, mpaka yabadilike rangi, au harufu, au ladha. Pipa lile lilikuwa kubwa. Na kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote, Asiya aliyachota maji, akayatazama kwenye mwanga, akayanusa, kisha akayaonja yeye mwenyewe. Yakimridhisha, alitundika kikombe. Ikiwa kuna mtu aliyejitahidi zaidi ya hapo kuwapa watu maji safi, mimi sijamsikia.

Wa pili kunywa alikuwa Muhonja. Huyu alikuwa mwenyeji wa Maragoli aliyeolewa Shinyalu, mjane pia, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabarani. Yeye na Asiya walikuwa chanda na pete. Muhonja alileta obusuma, ugali wa kwao, na mboga ya mrenda kwenye kikapu, Asiya akatoa omena, wakala sinia moja. Ijumaa Muhonja aliuza maharagwe ya mwenzake aliyekwenda kuswali. Jumapili zamu iligeuka. Idi ikifika Muhonja alikuwa wa kwanza kuulizia ingokho, kuku wa sikukuu, na alikuwa akisema wazi kwamba kwa ile supu angesilimu, ila mchungaji wake ana macho makali. Wakati Asiya yuko eda, haruhusiwi kutoka, ni Muhonja aliyemwekea mboga mlangoni kila siku, akakaa kizingitini akimhadithia habari za soko, nusu za kweli na nusu za kumchekesha. Asiya hakulisahau hilo.

Kazi ya Muhonja ilikuwa kukata sukuma wiki nyembamba kabisa, zile ambazo mama wa mjini akifika nyumbani anatia tu sufuriani. Alikata huku akiongea, macho yako kwa mteja, na kisu kilimkumbusha mara kwa mara kwamba vidole havikuwa mboga. Akijikata alichota maji ya pipa, akasuuza, akaendelea. Na jioni aliosha miguu palepale pipa lilipofurikia, kwa sababu visigino vyake vilikuwa vimepasuka na tope la soko lilimwasha. Asiya alimgombeza kila siku ajipake mafuta. Muhonja alijibu kwamba mafuta ni ya watu wanaokwenda kutongozwa.

Kisha ukaja ule mwaka wa Elinino. Redio ilipoonya kwamba mvua itanyesha sana, watu wa Kakamega walicheka, maana kwao mvua ya alasiri ni kama chai. Hawakucheka kwa muda mrefu. Mitaro ilijaa ikatapika, maji yakaingia kwenye mashimo ya panya, na panya wakahamia juu, kwenye mapaa ya stoo. Ukiinua macho mchana kweupe ungewaona wakipishana juu ya bati kama watu wa kazini. Mvua ililiosha bati, gata ikaleta yote pipani, pipa likafurika asubuhi na jioni. Asiya aliendelea kutazama, kunusa na kuonja, na maji yaliendelea kuwa matamu.

Muhonja akaanza kuumwa kichwa. Akapata homa, akanunua vidonge vya malaria dukani, akameza, akarudi kuketi penye mboga zake akitetemeka. Katika nchi hii homa yote ni malaria mpaka ikushinde. Alipojaribu kusimama akashika miguu nyuma, penye misuli, akilalamika kwamba ni kama amepigwa rungu. Macho yakawa mekundu, na siku chache baadaye yakageuka manjano. Hapo soko likapata la kusema. Muuza nyanya alidai amelogwa na watu walioionea kijicho nafasi yake ya mlangoni. Mwingine alijua mizizi ya msituni. Asiya aliwasikiliza wote kidogo tu, akamwita Swaibu, kijana wa mkokoteni aliyekuwa mnywaji wa pipa kila siku, wakatandika magunia, wakamlaza Muhonja. Milcah, bintiye Muhonja, aliyekuwa mwalimu wa chekechea, alishika mwavuli juu ya kichwa cha mama yake. Swaibu aliusukuma mkokoteni hadi hospitalini bila kugusa shimo hata moja, na yeyote aliyeziona barabara zetu mwaka ule atajua kwamba hiyo ilikuwa kazi ya mapenzi.

Daktari aliyempokea aliitwa Kipruto, kijana mpole mwenye miwani. Alimfinya Muhonja misuli ya miguu, Muhonja akalia. Alimfungua macho akayatazama sana. Halafu akamgeukia Milcah, akamuuliza kama mama yake hukanyaga maji au huoga maji yanayofikiwa na panya. Milcah akasema nyumbani wana bomba, na paka.

Daktari akaeleza. Akautaja ugonjwa kwa jina refu ambalo Asiya hakulishika, lakini mengine yote aliyashika. Alisema panya huubeba mwilini mwao wala hawaugui, hutoka na mkojo wao, ukaingia majini, na kwa mvua hii ulikuwa umeenea. Mtu huupata maji yakigusa kidonda, au ngozi iliyopasuka, au macho, au mdomo. Wengine wanapata mafua tu yakapita, wengine wasiugue kabisa, na wengine figo na ini hushikwa, kama huyu. Asiya aliuliza, kwa sauti ndogo, mtu atayajuaje maji ya namna hiyo.

"Hawezi kuyajua, mama," daktari akasema. "Hayana rangi, hayana harufu. Hata ukiyaonja hutasikia kitu."

Alisema watamchoma sindano za penisilini mara moja na wamwombee figo zirudi kazini. Akaongeza kwamba wangejua maji yenyewe yako wapi, wangewaokoa wengine. Milcah akatikisa kichwa. Asiya akatazama sakafu.

Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akifunga kibanda wa mwisho. Yeye peke yake ndiye aliyewaona wakinywa, na akawapa ruhusa. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Alijua pia wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, na hapa maradhi hayakuwa hata yake. Aliogopa uso wa Milcah. Aliogopa Muhonja afe akiwa hajaambiwa, na aliogopa zaidi Muhonja aamke aambiwe. Na chini ya hofu hizo kulikuwa na nyingine iliyomkata maini: kwamba alikuwa amemtumia mumewe kaburini, kikombe kwa kikombe, kitu ambacho hakikuwa thawabu.

Alitoka bila kuaga. Alitembea hadi sokoni mvua ikimpiga, mwavuli ameuacha kwa Milcah. Alipofika kibandani alimkuta Swaibu, mkokoteni ameuegesha, kikombe kimejaa, kinaelekea mdomoni.

"Usinywe," Asiya akasema.

Swaibu alisimama vilevile, kikombe hewani. Katika soko lile mtu angeweza kunyimwa mkopo, chenji, hata salamu, lakini kunyimwa maji na Mama Maji hakukuwa kumetokea. Akauliza kwa upole kama amemkosea. Asiya akamnyang'anya kikombe, akayamwaga, akamwomba amsaidie kulipindua pipa. Walisukuma wote wawili. Pipa lilikataa, kisha likakubali, na maji ya Abdulnasir yakatiririka mtaroni pamoja na maji mengine yote ya mwaka ule. Asiya akalia mbele ya watu, kilio cha sauti, kama alivyolia siku ile alipofiwa.

Wanawake walikusanyika. Aliwaambia wote, akiwa amesimama mvuani, maneno yakimtoka vipandevipande. Aliwaambia mwenye homa aende hospitali leo, amtaje panya, asinunue vidonge. Muuza nyanya alitema mate. Akamuuliza kama alikuwa akijua.

"Nilijua wanakunywa," Asiya akajibu. "Hayo mengine sikujua."

Kisha akarudi hospitalini na nguo zake mbichi, akamtafuta daktari, akamweleza mpaka lile la kunusa na kuonja. Daktari hakumkemea. Alimuuliza watu wangapi hunywa pale, na Asiya, aliyejivunia miaka yote kwamba hawahesabiki, akamjibu hivyohivyo, hawahesabiki, akatamani ardhi imfunike. Afisa wa afya akatumwa sokoni kesho yake. Wawili watatu walioanza homa walitibiwa mapema, akiwemo Swaibu, ambaye alisema hajisikii mgonjwa ila amechoka, na akapelekwa kwenye mkokoteni wake mwenyewe akisukumwa na wenzake, jambo lililomfurahisha kuliko dawa.

Lakini Muhonja alikuwa amelala tu, rangi ya manjano, hasemi neno la maana. Milcah alikuwa ameshasikia, kwa sababu soko halina siri. Asiya alipofika siku iliyofuata, Milcah alimzuia mlangoni mwa wodi. Hakumtukana, hakumpigia kelele. Alisema tu kwamba mama yake akipata nafuu atamwambia yeye mwenyewe, mtoto wake. Asiya akamwomba amwachie kazi hiyo moja, alisema ni yake na haiwezi kubebwa na mtu mwingine. Milcah akageuka, akarudi kwa mama yake. Asiya akaketi kwenye benchi la ukumbini, na siku zote zilizofuata akaketi hapohapo, na chupa ya uji aliyoipitisha kwa wauguzi kwa kuwa hakuthubutu kuipeleka mwenyewe. Kibanda kilikaa kimefungwa. Alisali swala zake kwenye pembe ya ukumbi, na dua yake ilikuwa moja. Hakumwombea marehemu. Alimwombea aliye hai.

Figo zikarudi kazini. Siku ya Alhamisi muuguzi alitoka akitabasamu, akasema mgonjwa ameamka na ameanza kwa kulalamika juu ya chakula, na sasa daktari anataka anywe maji kwa wingi. Milcah akaja mlangoni. Alimtazama Asiya kitambo, akasogea kando ampishe.

Muhonja alikuwa amekonda, macho bado manjano pembeni, lakini yalikuwa macho yake. Asiya alisimama miguuni mwa kitanda, akashika chuma. Alisema yote. Alisema juu ya ndala aliyoivua na kuivaa tena, na juu ya kuacha pipa wazi kila jioni, na thawabu aliyokuwa akimtafutia mumewe, na alipomaliza hakuomba msamaha kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha.

Muhonja alijiinua kidogo kwenye mto.

"Na wewe ulikuwa unakunywanga hiyo maji?" akauliza.

"Kila asubuhi."

"Mbele ya sisi?"

"Mbele ya kila mtu. Ningewapaje kitu ambacho sijakionja?"

Muhonja alifumba macho, Asiya akafikiri amefukuzwa. Akaanza kuachia kile chuma.

"Niko na hasira na wewe saa hii," Muhonja akasema, macho bado yamefumbwa. "Itaisha, wacha iishe polepole. Lakini hiyo ya Mzee Abdulnasir usijiue nayo. Mungu anajuanga mtu alikuwa anataka kupatia mwenzake nini."

Asiya alijifunika uso na ncha ya buibui. Milcah, pale kando, alikuwa ameshafungua chupa ya maji yaliyochemshwa na kumimina kikombe, maana daktari alikuwa ameagiza, akakipeleka mdomoni mwa mama yake. Muhonja aligeuza uso.

"Wacha," akamwambia bintiye. "Mama Raisa ndiye atanipatia."

Milcah alikaa na kikombe mkononi. Kisha akazunguka kitanda, akamkabidhi Asiya. Asiya akasita, akayatazama yale maji kwa hofu, na hapakuwa na kitu cha kutazama. Muhonja akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vyenye makovu, akakivuta kikombe kwake, akanywa mpaka kikaisha. Akakirudisha, akasema aongezewe.